Mpango wa Kutojuana

Nchi ninayoisimulia haina jina. Ilikuwa nalo, tena zuri, lakini siku moja serikali ilitunga ada ya kutumia majina ya mahali, ikasahau kujilipia yenyewe, na kwa kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, jina likafungiwa. Tangu hapo tunasema "hapa kwetu", na tumezoea. Wageni wakituuliza tunatoka wapi, tunawaonyesha kwa kidole.

Mimi ni mstaafu wa Bunge la hapa kwetu. Sikuwa mbunge, Mungu apishe mbali. Nilikuwa mpiga makofi wa serikali, na hadi nastaafu nilikuwa kiongozi wa makofi, yaani mikono yangu ikianza, ukumbi mzima unafuata, na ikinyamaza wote wananyamaza. Ni kazi ya heshima na ina elimu yake. Sharti ujue makofi ya bajeti, makofi ya mgeni kutoka nje, na yale ya mkuu wa nchi, Mtukufu Mlezi, ambayo hayaishi mpaka yeye mwenyewe ainue mkono. Kwa hiyo haya nitakayoyasema msidhani nayasema kwa chuki. Serikali yangu naipenda, na viganja vyangu ni ushahidi.

Habari zenyewe zinamhusu mpwa wangu Siwema, mtoto wa dada yangu Tunu, pamoja na mchumba wake Hamduni. Siwema alikuwa mwalimu wa chekechea, msichana ambaye kicheko hakikumkaa mbali. Hamduni alikuwa fundi wa majokofu, kijana mchapakazi, mikono myeusi kwa grisi na kola nyeupe siku zote. Mahari ilikwisha kupokewa, kamati ya harusi ilikwisha kuundwa, na mwenyekiti wake ndiye mimi. Halafu, kama itokeavyo kwa watu wanaopendana na wanaokaa mtaa mmoja, Siwema akapata mimba kabla kamati haijakusanya hata michango ya maturubai.

Dada yangu alilia siku moja. Siku ya pili akaanza kununua nguo za kichanga, na siku ya tatu akaniambia nisogeze harusi mbele, ndoa ifungwe upesi, mtoto azaliwe ndani ya nyumba yake. Kwingine duniani mambo yangeishia hapo, watu wakale pilau, na mimi nisingekuwa na hadithi.

*

Hapa kwetu tuna Idara ya Fungu Letu, na Idara ina Sheria ya Kaya. Sheria hiyo inasema anayeoa siku yoyote ya mwaka huhesabiwa kuwa ameoa mwaka mzima, hata ile miezi aliyokuwa akila kwa mama ntilie. Mapato ya mke na mume huunganishwa, na juu yake hutozwa kodi ya mapatano. Waziri alilieleza jambo hili Bungeni vizuri sana. Alisema watu wawili waliopatana wana nguvu kuliko wawili wanaogombana, nguvu ni utajiri, na utajiri hauwezi kuachwa hivi hivi ndani ya nyumba za watu. Wanaogombana wao hupata punguzo, mradi walete majirani waliosikia. Siku hiyo nilipiga makofi mpaka pete ikanibana.

Mtoto naye ana fungu lake. Akiwa bado tumboni anaitwa mzigo ulio njiani. Afisa alikuja na futi kamba ya fundi cherehani, akampima Siwema tumbo, akambandikia stika kwenye gauni iliyoandikwa BADO HAUJALIPIWA. Siwema alikwenda nayo kazini, maana kuibandua ni kosa. Watoto wa chekechea wakamuuliza ndani ya hilo furushi kuna nini, na je, wakichanga watalifungua.

Wiki hiyohiyo Mtukufu Mlezi alihutubia kwenye redio. "Ndugu wananchi," alisema, "mapenzi ni rasilimali kama yalivyo madini. Hatuwezi kuruhusu watu wachache wayachimbe kiholela, usiku, bila leseni." Nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Lakini nisiwe mwongo, jambo lenyewe liliwabana. Siwema na Hamduni walikuwa wamepata nyumba ya vyumba viwili, kavu, ina bomba ndani na dirisha linalopitisha jua, na mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wakioana mwaka huu, kodi ya mapatano ingeimeza fedha yote, na mtoto angeanzia maisha katika chumba cha Hamduni, kule anakoweka mitungi ya gesi na ukuta unatoa maji. Mdogo wake Siwema alikufa kwa kifua katika chumba cha namna hiyo. Siwema hakutaka hata kusikia kikitajwa.

*

Ndipo mimi, kwa wadhifa wangu wa mwenyekiti, nikawapeleka kwa mshauri wa kodi, Bwana Kipeto. Huyu ni mtu mwenye akili nyingi. Asubuhi yuko Idara akiandika sheria, na jioni yuko kwenye chumba cha nyuma cha jengo hilohilo akiwafundisha watu namna ya kuzikwepa. Kiti ni kilekile, anakigeuza tu. Aliniambia hakuna anayeweza kufungua fundo vizuri kuliko aliyelifunga, nikaona ni kweli.

Aliwataka wasimfiche kitu. "Mficha uchi hazai," alisema, na Siwema akalitazama tumbo lake, akacheka. Kilikuwa kicheko cha mwisho kukisikia kwake kwa muda mrefu. Bwana Kipeto akauliza wanapata nini, wanakula nini, mimba ilitungwa lini na kwa gharama ya nani. Kisha akafumba macho, akatoa mpango.

Wasioane mwaka huu. Waoane wiki ya kwanza ya mwaka mpya wa kodi. Mtoto naye azaliwe kabla mwaka haujafungwa, na kwa tarehe za daktari angewahi, ili mama apate nafuu ya kodi iitwayo ya upweke, ambayo ni kubwa kuliko zote kwa sababu ilitungwa kwa ajili ya dada wa Waziri. Kwa fedha hiyo watalipia nyumba, na ikibaki watanunua kitanda. Kulikuwa na sharti moja dogo. Mama mpweke ni yule ambaye baba wa mtoto hajulikani. Kwa hiyo mpaka mwaka ufungwe, Siwema na Hamduni wawe hawajuani.

"Hawajuani vipi na mahari nimepokea?" dada yangu aliuliza tulipomweleza.

Nikamwambia ni kwa miezi michache, tena ni maneno tu. Dada alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. "Lisemwalo lipo, kaka," alisema. "Na kama halipo, linakuja."

*

Kukana kunafanyika ukumbi wa mtaa, kila Jumanne. Siku yetu ukumbi ulijaa. Wapo waliokuja kukana ng'ombe, wapo waliokana maduka, na mzee mmoja alikuwa anamkana mwanawe mbunge, ingawa huyo tuliambiwa si mambo ya kodi. Aliyesikiliza alikuwa Ofisa Dunga, Mkaguzi wa Upweke, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole.

Hamduni aliitwa kwanza. Ofisa Dunga akamwonyesha Siwema, akamuuliza kama anamjua mwanamke huyu.

Hamduni alimtazama Siwema usoni, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, kama mtu anayetazama mlango wa jirani asiye na shida naye. "Simjui," alisema.

"Hujawahi kumwona?"

"Namwona leo."

Ofisa Dunga aliweka kalamu chini kwa furaha. Akasema wengi hutetemeka, wengine hulia, lakini huyu kijana ana kipaji. Mimi nilikula kiapo kama shahidi wa upande wa familia kwamba Hamduni sijapata kumwona kwetu, na kwa mazoea nikapiga makofi kidogo. Ikaja zamu ya Siwema. Akaulizwa kama anamjua mtu huyu. Aliweka mkono juu ya stika. Bwana Kipeto akakohoa. Mimi nikakohoa.

"Nyinyi mmeshasema," Siwema alijibu, na Ofisa Dunga akaona inatosha.

Tulipotoka nje na kufika nyuma ya ukumbi, Siwema alimuuliza Hamduni amewezaje kusema vile bila hata kupepesa. Hamduni alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Akamwambia alifanya mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, kwa ajili ya nyumba yao. Siwema akaniomba nimsindikize chumbani kwake.

*

Baada ya hapo Ofisa Dunga akawa anafika kwa Siwema bila taarifa. Aliangalia vikombe, akakuta kimoja. Aliangalia sahani, mto, ndara mlangoni. Alinusa sufuria kujua kama chakula kimepikwa kwa mtu mmoja au kwa mtu mmoja anayemsubiri mwingine, kwa maana hapa kwetu mafunzo ya wakaguzi si mchezo.

Vijana nao wakapata ujanja. Jokofu la Siwema, lililokuwa zima, likaanza kuugua. Kila baada ya siku chache aliita fundi, na fundi akaja na begi lake, akakaa chini mbele ya jokofu lililo wazi, wakazungumza mambo yao kwa sauti ya bei na vipuri. Siku moja niliwakuta. Hamduni alikuwa ameshika bisibisi na sikio lake liko kwenye tumbo la Siwema. Nilijiondokea taratibu, na nakiri nilifurahi.

Ofisa Dunga aligundua. Hakukasirika, yeye hakasiriki. Alisema jokofu linaloharibika kiasi hicho ni hatari kwa umma, akalipakia kwenye gari la Idara likachunguzwe. Hamduni akaingiwa na hofu, si ya kufungwa, bali ya kupoteza nafuu pamoja na nyumba. Akaacha kuja. Akaanza kupita barabara ya nyuma. Kioo kikamzoea.

Siku moja sokoni Siwema alielemewa na kikapu, miguu imevimba, akamwona Hamduni ng'ambo ya barabara. Akamwita kwa jina. Hamduni alimtazama, akaona karibu naye amesimama mwanamume mwenye kofia ya kikaguzi, akageuza uso na kuendelea na safari. Kumbe yule alikuwa muuza kofia. Siwema alinisimulia mwenyewe jioni ile, akasema alikaa juu ya kikapu chake mpaka miguu ilipopata nguvu. Nilimwambia avumilie, kijana anajenga. Akaniuliza anajenga nini, mjomba, nami nikamjibu kuwa nyumba, kwa sababu ndilo nililolijua.

*

Mwaka wa kodi hufungwa saa tisa alasiri, kwa kuwa baada ya hapo Mtukufu Mlezi hulala. Sherehe hufanyika katika ukumbi wa Idara, na mwaka ule waliniomba nitoke kwenye ustaafu nikaongoze makofi. Asubuhi nikiwa napaka viganja mafuta, dada akapita mbio akisema Siwema ameshikwa na uchungu na anampeleka hospitali. Nikamshukuru Mungu. Mtoto alikuwa anafuata mpango kuliko sisi sote.

Yaliyotokea hospitali nimeyajua baadaye. Getini walimrudisha dada yangu. Waliomba radhi, lakini aliyesajiliwa mpweke hujifungua mpweke, na mama mzazi akiingia naye upweke unapungua. Siwema akaingia peke yake. Kabla ya adhuhuri akaanza kutokwa damu nyingi. Wakatafuta damu ya kumwongeza, ikawa hakuna. Dada ana kisukari, yake ikakataliwa. Hamduni akapata habari, akafika, amekimbia kutoka karakana, akavuta mkono wa ovaroli mpaka begani, akasema yake inafanana na ya Siwema, wachukue yote. Mlinzi akaangalia orodha yake, akamwambia hapana, bwana, wewe ulikana. Damu ya mtu asiyejulikana haiingii hapa bila kibali, na kibali kinatoka Idara.

Mimi wakati huo niko kazini. Mtukufu Mlezi alikuwa anasema mwaka huu tumekusanya kila kitu isipokuwa pumzi, na hiyo imo kwenye makadirio. Nikaanzisha yale makofi yasiyo na mwisho, ukumbi ukanifuata, na katikati ya makelele hayo nikamsikia Hamduni pembeni yangu, ovaroli imejaa grisi, anahema.

"Mjomba, Siwema anakufa. Wamenizuia getini kwa sababu simjui."

Mikono yangu ikasimama. Sikuiamuru. Niliogopa vile nilivyoogopa siku tuliyomzika mdogo wake. Nami niliponyamaza ukumbi mzima ukanyamaza, jambo ambalo halijapata kutokea mbele ya Mtukufu Mlezi tangu ashike madaraka. Akadhani amekuwa kiziwi. Akashika masikio, daktari akaitwa, akaangaliwa sikio moja baada ya jingine. Ilipothibitika kwamba masikio ya taifa ni mazima, akauliza kumetokea nini.

Nikasimama. Nikasema, "Mtukufu, kijana huyu anaomba ruhusa ya kumjua mchumba wake."

Bwana Kipeto, aliyekaa mstari wa mbele, akajifunika uso kwa ratiba ya sherehe. Lakini Mtukufu Mlezi ni mtu mwenye moyo. Akaguswa, akatoa kibali hapohapo. Tena akaagiza kitolewe kwa heshima. Kikaandikwa, kikasomwa, kikakosewa herufi, kikaandikwa upya. Hamduni akaambiwa ovaroli haifai kwa picha, akavishwa koti la Waziri, likamfika magotini. Akapewa nafasi ya kutoa neno la shukrani. Alilia tu, na mtangazaji akawaeleza wasikilizaji kwamba ni furaha. Halafu Mtukufu Mlezi akahutubia kuhusu kujuana, mapana yake na historia yake hapa kwetu. Mimi niliombwa kuongoza makofi. Niliongoza, na macho yangu yako mlangoni.

*

Tulifika wodini saa tisa ikikaribia. Siwema alikuwa hai. Rangi yote ilikuwa imemtoka na midomo imekauka, lakini alikuwa hai, na mtoto wa kike amelala kifuani pake. Aliyetoa damu alikuwa mwanamke mfagia wodi, ambaye hayumo kwenye orodha yoyote kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kama anamjua mtu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa Siwema, na fagio limeegemea ukuta.

Ofisa Dunga alikuwa amekwisha kufika, amekuja kufunga shauri. Alikisoma kibali mpaka mwisho, akamrudishia Hamduni kwa adabu. Akamgeukia Siwema na kumweleza kwamba bwana huyu sasa ana ruhusa ya kumjua yeye, na utaratibu unataka naye aulizwe. Je, anamjua?

Hamduni alikuwa amepiga magoti, koti la Waziri limetandaa sakafuni. Siwema alimtazama, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni.

"Simjui," alisema.

Nilijivunia mtoto yule, nisiwafiche. Saa tisa ilikuwa haijagonga. Nikaona jinsi alivyo na akili, katikati ya maumivu anakumbuka mpango, asije akapoteza nafuu kwa dakika chache. Nikamkonyeza Hamduni asiwe na wasiwasi. Tukasubiri, wote tunatazama saa ya ukutani. Kengele ya Idara ikalia, mwaka ukafungwa. Nikainama karibu na sikio la Siwema.

"Mwaka umekwisha, mwanangu," nikamwambia. "Sasa unaweza kumjua."

Aligeuza macho yake kwangu. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Nimemwita tangu asubuhi," alisema. "Kila nikimwita, wananiambia hakuna mtu huyo. Simjui, mjomba."

Ofisa Dunga akafunga jalada lake. Akasema katika utumishi wake wote hajapata kuona shauri ambalo kila kilichoandikwa ni kweli, na kwamba nafuu imepita bila ukaguzi zaidi.

*

Kamati ya harusi niliivunja mwenyewe. Nyumba ya vyumba viwili ililipiwa kwa fedha ya nafuu, na Siwema anakaa humo na mama yake na mtoto. Ni nyumba kavu, jua linaingia, na kifua cha mtoto hakina neno. Bwana Kipeto huitaja kwa wateja wake kama mpango uliofaulu kuliko yote, na kwa hesabu zake sina la kumpinga.

Hamduni hakukata tamaa upesi. Alituma wazee, akanituma mimi, akasimama barabarani nyakati za mchana, mbele ya kila mwenye kofia, akimwita Siwema kwa jina. Siwema alikuwa anapita na mtoto mgongoni, hageuki.

Juzi Idara ilirudisha jokofu. Lilipochunguzwa waliona halina ubovu wowote, wakalishusha kwenye gari kwa kulitupa, likaharibika kweli. Siwema aliita fundi, na hapa kwetu mtaani fundi ni mmoja. Nilikuwepo, nimempakata mtoto. Hamduni aliingia na begi lake, kola nyeupe, akakaa chini mbele ya jokofu lililo wazi. Siwema alisimama karibu na kumwelekeza sauti inatokea wapi. Alitengeneza taratibu sana, akalegeza parafujo na kuzikaza tena, mtu yeyote angeona hataki kumaliza. Mtoto akamtolea sauti, naye akageuka kumtazama, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Jokofu likanguruma. Siwema aliweka mkono ndani kupima ubaridi, akaridhika. Akaenda chumbani, akarudi na ujira wa fundi, akampa kwa mikono miwili na kumshukuru kwa kazi nzuri. Hamduni alisimama mlangoni ameishika ile fedha, anasubiri. Nami nikasubiri.

Siwema akamwomba risiti.